Picha Inayotazama Ukuta

Kamera yangu inaingia kwenye mfuko wa koti pamoja na leso na miwani, na bado inabaki nafasi ya karanga. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza machoni pa watu wa Kamina. Hapa mpiga picha wa harusi anajulikana kwa mzigo: anabeba kitu chenye mdomo mrefu, anafuatwa na mtu wa kushika taa, na anatoka jasho kabla hata bibi harusi hajafika. Mimi nilipotoa yangu kanisani mara ya kwanza, mzee mmoja wa benchi la mbele aligeuka akaniambia kwa upole nizime redio.

Aliyeniletea ni binti yangu mkubwa, anayeishi Lubumbashi. Nilipostaafu kazi ya ukarani kwenye reli aliniuliza ninataka zawadi gani, na nadhani alikuwa amekwisha kuchagua godoro. Mimi nikataja kamera. Nilikuwa nimetazama video nyingi kwenye simu, za watu wa nchi za mbali wanaosifia kwa sauti ya chini zile kamera ndogo za siku hizi zisizo na kioo cha kugeuza ndani, zinazokuonyesha picha kwenye skrini kabla hujaipiga. Nikajishawishi kwamba ndani yangu kulikuwa na msanii aliyecheleweshwa na kazi ya treni. Treni za kwetu huchelewa sana, lakini mwishowe hufika. Msanii huyo namngoja hadi leo.

Kitu cha kwanza anachokigundua mwenye kamera hii ni vidole vyake. Vyangu ni vya mtu aliyegonga mihuri maisha yake yote, na vitufe vya ile kamera vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga mwenye akili nyingi. Juu yake kuna gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza mwanga. Ukiitoa mfukoni bila kuangalia, koti linalizungusha lenyewe. Kwa namna hiyo nilipiga picha za ubatizo wa mjukuu wa jirani zikatoka nyeupe kama unga wa mihogo, mtoto, padri na maji vyote vikiwa kitu kimoja. Jirani alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama siku ile kulikuwa na ukungu.

Halafu kuna ukimya wake. Kamera hii inaweza kupiga bila sauti yoyote, na wale watu wa video walisifu sana jambo hilo. Hapa Kamina halikunisaidia. Watu walisimama wima, mikono kwenye mapaja, wakingoja.

"Umeisha?"

"Nimeisha zamani."

"Hatukusikia kitu."

"Haitoi sauti."

"Sasa tutajuaje kama umepiga?"

Nikawa nabonyeza huku nikigonga ulimi kwenye kaakaa. Wakaridhika, wakaondoka. Baadaye niligundua kwamba ndani ya menyu kuna mahali pa kuiwekea kamera mlio wa bandia, lakini nilikuwa nimekwisha kupiga watu wengi kwa mdomo.

Betri nayo ni ndogo, na umeme wetu una tabia zake. Naichaji kwa paneli ya jua iliyo juu ya paa la jiko, ile ambayo mke wangu aliinunua kwa ajili ya redio yake na taa. Tangu kamera ilipoingia nyumbani, redio ya mke wangu imeomboleza mara nyingi kwa kukaa kimya. Na masika yalipofika, nilisoma mahali kwamba unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, nikaiweka kamera katika kopo la biskuti na kuizungushia mchele mkavu. Mchele ulikuwa wa Jumapili. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama kopo, akanitazama mimi.

"Aparei yako inakula mchele, siye tunakula nini?"

Siye tulikula bukari, ugali wetu, kama siku zote.

Na kwa kamera hiyo iliyotunzwa hivyo, nilipiga nini? Nilipiga reli zenye kutu. Nilipiga umande kwenye majani ya mihogo, sombe yetu. Nilipiga jicho la jogoo wetu kwa ukaribu kiasi kwamba ndani yake unaniona mimi nimechuchumaa. Mke wangu alisema kuku wetu wana picha kuliko watoto wetu, na alisema kweli. Yeye mwenyewe sikuwa nimempiga hata moja iliyo nzuri, kwa sababu hakujua kutulia mahali penye mwanga, na mimi sikujua kumwomba. Wala hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Niliwaambia wote kwamba hii haiko simu, iko na mambo yake. Nilipenda sana kusema kwamba iko na mambo yake.

Siku moja ya kiangazi mke wangu alikuwa amekaa uani akimenya karanga. Nami nilikuwa nimelala kifudifudi nikipiga picha ya ganda la karanga. Akasema bila kuinua uso:

"Baba ya batoto, sura ya baba yangu inanikimbia."

Nikakaa.

"Zamani nilikuwa nafunga macho naiona. Sasa nafunga macho naona kofia tu. Kofia naiona muzuri, hata pale ilipopasuka. Chini ya kofia hakuna kitu."

Baba yake alifariki zamani, kijijini kwao, upande wa njia ya Kabongo. Hakuacha picha. Mama yake bado yu hai, mzee sana, na picha yake pekee ilikuwa ile ya kadi ya uchaguzi, ambayo ndani yake, mke wangu husema, anafanana na mtu anayechungulia kupitia mvuke wa sufuria. Mdogo wa mke wangu, shemeji yangu anayeishi na mama huyo, aliwahi kumpiga picha kwa simu. Kisha akaenda Bukama kununua samaki, akainama kwenye ubavu wa mtumbwi, na simu ikatoka mfukoni ikaenda kwa samaki wenyewe.

"Sitaki mama naye abakie kitambaa cha kichwa," mke wangu alisema. "Weye uko na aparei. Umupige foto moya tu, ya sura."

Nilisema ndiyo haraka sana, kwa sababu nilikuwa nimeguswa na kwa sababu hatimaye mtu alikuwa ameniomba picha. Ndipo nikakumbuka mimi ni nani kwa mama huyo.

Katika familia ya mke wangu mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawasemezani moja kwa moja. Neno linapita kwa mtu wa tatu hata kama wote wawili wamelisikia. Siyo chuki. Ni heshima, na nyuma yake kuna aibu ambayo sijawahi kuelezwa vizuri nikaridhika. Ipo njia ya kuimaliza: mkwe anapeleka kuku na kitenge, wazee wanakaa, wanasema maneno yao, na kuanzia hapo wanaweza kuonana kama binadamu. Wenzangu wengi walifanya hivyo mapema. Mimi niliahidi kuku alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Halafu kukawa na kazi, na mafua ya kuku, na ukweli ni kwamba nilipata starehe fulani katika kutotazamwa na mama mkwe. Mwaka ulifuata mwaka. Nimeoa, nimezaa, nimepata wajukuu na nimestaafu, na sura ya mama aliyemzaa mke wangu siijui.

"Nipe minyi, nitapiga," mke wangu alisema akijigusa kifua, maana yeye alikuwa amelikumbuka jambo hilo kabla yangu.

"Hii haiko simu. Iko na mambo yake."

"Mambo gani?"

Nikamweleza tundu la lenzi, na jinsi likifunguliwa sana linaacha vitu vya nyuma vififie. Nikamweleza kasi. Nikaeleza mpaka karanga zikaisha kumenywa. Aliinuka na ungo wake.

"Sawa. Utapiga weye. Na macho yako utayaweka wapi?"

Swali lilikuwa zuri, na jibu langu nililiona zuri zaidi. Skrini ya kamera hii inafunuka na kugeukia mbele, kwa ajili ya watu wanaopenda kujipiga wenyewe. Basi mimi ningekaa nikimpa mama mkwe mgongo, kama ilivyo adabu, niinue mkono, nielekeze kamera nyuma kupitia juu ya bega. Nilifanya mazoezi uani kwa kutumia kinu, nikiwa nimeinamisha kichwa. Kinu kilitoka safi, unaweza kuhesabu nyufa zake. Nilimwita mke wangu aone. Alisema ni kinu.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili za kukodi, yeye mbele na mimi nyuma katika vumbi lake. Asubuhi ya kuondoka, kwa ajili ya uhakika, niliwasha kile kipengele ambacho wataalamu wote wa video wanakisifu kwa picha za watu: kamera inautafuta uso yenyewe, inaukamata, na haiuachi. Nilijiona mtu wa tahadhari.

Kijijini kwa mama mkwe nina kiti changu. Kinawekwa ubavuni mwa nyumba, kikitazama shamba la mihogo, na hakijawahi kugeuzwa tangu nilipooa. Shamba lile nalijua kuliko mwenye shamba. Nilikaa. Nyuma yangu nikasikia kiti kingine kikiwekwa mlangoni, na nguo mpya ikikwaruza.

"Muulize bwana yako kama njia ilikuwa muzuri," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Mama anauliza kama njia ilikuwa muzuri," alisema mke wangu.

"Mwambie kulikuwa na vumbi."

"Anasema vumbi."

"Minyi naona. Mugongo yote iko nyekundu." Kisha akaongeza: "Amekonda. Mabega haiko ile ya zamani."

Sikujua kwamba mabega yangu yalikuwa yakifuatiliwa. Nikaifunua skrini, nikainua mkono, nikanyoosha kichwa niwe mpiga picha mwenye heshima. Hapo nikapata wazo jingine, la mwisho na baya kuliko yote. Ikiwa skrini inanitazama, basi ndani yake mama mkwe ananitazama pia. Nikafumba macho.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na ghala, akiniona kwa mbele.

"Bukwe," aliniita, yaani mkwe, "unalala?"

"Ninaheshimu."

"Unaheshimu aparei?"

"Ninaheshimu mama."

"Anafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Anakupiga foto, mama," mke wangu alisema.

"Na mugongo?"

"Iko na mambo yake," alisema mke wangu, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo, jambo ambalo najua linahitaji nguvu.

"Anainua mukono kama mutoto wa masomo anaomba kwenda inje."

Nilibonyeza mara nyingi. Mlio wa bandia uliitika kila mara. Nikaizima kamera bila kutazama chochote, nikaifungia katika leso, na njia nzima ya kurudi Kamina niliendesha moyoni maonyesho ya picha ambamo watu waliuliza ni nani huyu aliyeweza kupiga sura kama ile bila kuiangalia.

Mke wangu alizifungua akiwa jikoni. Mimi nilisimama mlangoni, nimegeukia uani, nikiendelea na heshima yangu. Nilimsikia akibonyeza kwenda mbele, na mbele tena, na tena.

"Baba ya batoto, kuya uone."

"Siwezi. Iko mama yako."

"Kuya. Haiko mama."

Nilikuwa mimi. Katika picha zote nilikuwa mimi, nimejaa kutoka ukingo hadi ukingo, macho yamefumbwa, midomo imebanwa kama mtu anayemeza dawa. Kamera ilikuwa imetafuta uso, ikaupata ulio karibu, ikaukamata na haikuuachia. Nyuma ya sikio langu, mbali, kulikuwa na ukungu wa buluu na njano wenye doa la kahawia juu yake. Buluu na njano ndicho kitenge. Doa ndilo mama.

"Uko wazi kabisa," mke wangu alisema. "Hata mvi ya mu pua."

Akanirudishia kamera, akageukia sufuria yake. Ningependa angepiga kelele. Mtu akikupigia kelele unapata la kujibu.

Nilisema tutarudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata mvua ilianza, mapema na kwa hasira, na daraja moja kwenye njia ya Kabongo likaenda na maji. Shemeji, ambaye hupanda kilima akitaka kupata mtandao, alipiga simu kusema mama ana homa. Alipiga tena kusema hali chakula. Simu ilikatika kabla hajaeleza zaidi, na siku zilizofuata kilima chenyewe sijui kilikuwa na nini, maana hakupiga tena.

Katika siku hizo nilimkuta mke wangu amekaa kitandani na kamera mkononi. Aliichukua bila kuniuliza. Alikuwa amefungua moja ya zile picha zangu na kuikuza. Aliupita uso wangu, akalipita sikio, akaingia kwenye ukungu ule na kuukuza hadi ukawa vidoadoa, akisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto. Alikuwa anatafuta jicho. Alipoona nimeingia aliizima, akasema betri inaisha.

Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Huko nilijisemea maneno ambayo sitayaandika hapa. Yalihusu mtu aliyeambiwa "nipe minyi, nitapiga," akajibu kwa somo la matundu.

Mama alipona. Shemeji alipiga simu hatimaye kusema amekula samaki na amegombana na jirani, na kwa mambo hayo mawili tukajua homa imekwisha. Njia ilipopitika nilichaji betri, redio ikanyamaza tena, na asubuhi nikamwita mke wangu uani. Nilizungusha gurudumu la juu mpaka kwenye ile alama ya kijani, ya wasiojua, ambapo kamera inafanya kila kitu yenyewe. Alama hiyo nilikuwa nimeicheka mbele ya watu. Nikampa.

"Unaangalia hapa. Unabonyeza hapa."

"Njo hivi tu? Hakuna ingine?"

"Njo hivi tu."

"Na mambo yake?"

"Imeyaacha."

Alinijaribia mimi. Picha yake ya kwanza maishani ilitoka safi, mwanga mahali pake, sura yangu ikiwa na huzuni kidogo. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa, nikitafuta kosa.

Kijijini nilikaa kwenye kiti changu, nikatazama mihogo, ambayo ilikuwa imenyooka vizuri kwa mvua. Nyuma yangu walianza. Nilisikia mlio wa kamera, kisha wakanong'onezana, kisha wakacheka, mlio tena, wakacheka zaidi. Sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka hivyo. Nilijizuia, halafu nikashindwa kujizuia.

"Mwambie mwanga usikae nyuma yake," nilisema kwenda kwa mihogo.

"Mwambie mwanga iko fasi yake," ilijibu sauti ya mama mkwe. "Yeye pia akae fasi yake."

Shemeji alipita mbele yangu na jembe begani.

"Bukwe, leo wamekunyang'anya kazi."

"Nimewapa."

"Njo vile bantu wanasemaka wakinyang'anywa."

Huenda kicheko chao ndicho kilichonipa moyo, au ile homa ambayo ingeweza kwenda upande mwingine. Nilikohoa, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye neno:

"Mama ya batoto, mwambie mama kwamba nimefikiri sana. Nataka kuleta kuku na kitenge, tuimalize aibu hii."

Kicheko kilikatika. Kuku wa kijijini tu ndio waliosikika, nami nikafikiri labda wamelisikia jina lao. Mama mkwe akasema taratibu:

"Muulize ni kuku gani."

"Anauliza ni kuku gani," alisema mke wangu.

"Mwambie kuku mzuri. Wa kwangu mwenyewe."

"Muulize kama njo ile alinisemea wakati mutoto wa kwanza alizaliwa. Ile sasa iko nkambo."

Nkambo ni bibi au babu kwa Kiluba, na shemeji aliweka jembe chini ili aweze kucheka vizuri. Mimi niliendelea kutazama mihogo. Masikio yangu yalikuwa ya moto, na yeye bila shaka aliyaona, kwa kuwa ndicho anachokiona cha kwangu.

"Mwambie aache kuku," mama mkwe alisema tena, na safari hii hakuna aliyecheka. "Minyi nimezeeka na mugongo yake. Naijua. Akiwa na hasira naona, akiwa na njaa naona. Leo nianze kujifunza sura, nitaimaliza lini?"

Mke wangu hakunirudia maneno hayo. Desturi ilimtaka anirudie, naye akaivunja.

"Na foto?" niliuliza. "Mwambie, je, foto naweza kuiangalia?"

Walijadili jambo hilo kwa Kiluba cha haraka. Shemeji aliingilia kusema foto ni karatasi. Mama mkwe alisema kama ni karatasi tu, basi binti yake asingekuja mara mbili, katika vumbi na katika matope, kuifuata. Uamuzi ukatolewa: foto ni yeye, na mimi nisimwangalie.

Mke wangu mwenyewe ndiye aliyepeleka kadi ya picha kwa fundi wa studio karibu na soko la Kamina, akaisimamia ikichapishwa, akaitia fremu. Inaning'inia chumbani upande wake wa kitanda. Nikitaka kuingia nakohoa, na yeye anaigeuza. Mimi nikiwa ndani, picha inatazama ukuta, na mimi natazama ubao wa nyuma wa fremu, ambao una msumari mmoja uliopinda. Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa na kamera yangu naijua kwa kusimuliwa. Nimeambiwa anacheka. Nimeambiwa ameinua mkono kidogo kama mtu anayekataza, na kitambaa cha kichwa kimeteleza, na yeye hajali. Wengine wanasema mke wangu kamfanana mdomo, wengine wanasema macho.

Binti yetu alipotutembelea kutoka Lubumbashi aliingia chumbani akakaa huko muda. Alitoka anajifuta macho.

"Papa, hii ni kazi yako bora."

"Asante," nilisema.

"Mwulize nani alipiga," ilisema sauti kutoka jikoni.

Asubuhi nyingine, nikiwa bado sijakohoa, nimemsikia mke wangu akiongea ndani peke yake, akieleza kwamba maharagwe yameoza kwenye mvua na kwamba mjukuu ameota jino. Ninangoja nje hadi amalize. Kuhusu kofia ya baba yake hajasema tena.

Siku ile ya studio alinirudishia kadi, na pamoja nayo karatasi iliyofungwa katika gazeti.

"Hii yako," alisema. "Alipiga mama mwenyewe. Nilimuonyesha fasi ya kubonyeza."

Ni mgongo wangu. Mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, mbele yake mihogo imesimama kama ukuta wa kijani. Kola ya shati imejikunja kwa ndani, na hakuna aliyeniambia siku nzima. Utosini kuna upara ambao nilidhani ni habari za baadaye. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, kwa sababu ya miaka ya kuinamia meza, na kichwa kimegeuka kidogo upande, kama cha mtu anayejaribu kusikia wengine wanachekea nini. Kila uzi wa shati unaonekana. Kamera ilitafuta uso, haikuupata, ikaamua kuchukua kilichokuwepo. Nimepiga mamia ya picha za reli na majogoo, na sina hata moja inayomjua mtu wake namna ile.

Nimeitundika sebuleni. Wageni wanauliza ni nani, ninawaambia, wanasema siyo mimi, kisha wananiomba nigeuke.

Kopo la biskuti sasa ni la mke wangu, na mchele umeliwa. Tunatarajia kwenda tena kiangazi kikianza. Mama mkwe ametuma neno kupitia shemeji, aliyepanda kilima kwa ajili hiyo: nikija nisikae pale pa zamani, kiti kitasogezwa kidogo kushoto, kwa sababu mihogo imeng'olewa na ukipiga foto choo kinaonekana.